Waliozama Februari 1944 nao wana majina

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu Antoine de Saint-Exupéry, rubani Mfaransa aliyeruka kutoka Corsica tarehe 31 Julai 1944 kwenda kupiga picha za maeneo ya adui, asirudi tena. Ametafutwa kweli yule bwana. Mwaka 1998 nyavu za mvuvi wa Marseille zilinasa bangili ya fedha yenye jina lake, mwaka 2000 mzamiaji akaona mabaki ya ndege, na 2004 ikathibitishwa kuwa ni yake. Mwili haujaonekana hadi leo. Sina kinyongo naye. Ila gazeti la hapa Uganda linamsimuliaje yeye na kuwaruka vijana wetu waliozama mwaka huo huo?

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa kombora na nyambizi ya Kijapani, I-27, karibu na Maldivi. Haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Humo mlikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi wa kike. Walikufa karibu watu 1,300. Tena manowari za Uingereza zilizosindikiza msafara ziliiangushia nyambizi mabomu pale pale walionusurika walipokuwa wakielea. Makamanda walihofia meli zilizobaki, sawa, lakini kisa hicho usikisome usiku.

Jirani yangu hapa Bombo, baba yake mdogo aliondoka na Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika (King's African Rifles). Barua ya mwisho ilitoka Mombasa. Kama alikuwa kwenye meli ile au nyingine, hakuna aliyewaambia. Matanga hayakuwekwa, na kipande chake cha mibuni hakijagawanywa. Kinapaliliwa kila msimu, na watoto wanaambiwa wasichume, ni cha mwenyewe aliye safarini.

Askari wengi wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, wakiwamo wa meli hiyo, wameandikwa kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Ni jambo jema, lakini bibi wa Bombo au Arua atapata wapi nauli ya kwenda kusoma jina moja ukutani? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha kwenye intaneti, kwa hiyo kazi kubwa imeshafanyika.

Kila mwaka tunaadhimisha Tarehe Sita, yaani 6 Februari, siku ya jeshi la Uganda, kwa gwaride na hotuba. Siku sita baadaye ni tarehe 12. Naomba siku hiyo mtoe ukurasa mmoja, mchape majina ya kikosi cha 301, na redio za mikoani ziyasome kwa Kiswahili, lugha waliyoamrishwa nayo kambini. Makarani wa zamani waliandika majina yetu walivyoyasikia, basi acheni nafasi ya wasomaji kusahihisha. Mtu hulijua jina la ukoo wake hata likikosewa herufi mbili.

Kama tatizo ni gharama ya ukurasa, semeni bei. Hapa Bombo tutachanga.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Bombo