Samaki nao wanatema dawa

Port Lincoln, Australia Kusini

Kwako Baba Kulwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, kazi inasonga.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, japo injini ya mtumbwi ilikuwa inakuzidi. Unasema sato wanajisugua kwenye wavu, matamvua yamepauka, na jamaa wa dukani amekushauri ununue dawa ya minyoo uchanganye na chakula. Usitoe hela kwanza. Hayo ya kuchanganya dawa na chakula ndiyo yanayonilisha huku, na nakwambia kuchanganya si kazi. Kazi ni samaki akubali kumeza.

Sisi tunafuga kingfish, samaki wa baharini wa ukoo mmoja na kolekole wa pwani yetu. Wanasumbuliwa na minyoo bapa ya aina mbili. Benedenia hukaa juu ya ngozi na kuila. Zeuxapta hujishikiza kwenye matamvua na kunyonya damu mpaka samaki anapauka na kuzubaa. Mayai yao yana nyuzi zinazonasa kwenye wavu, kwa hiyo kizimba chenyewe, yaani ule wavu wa kufugia, kinageuka kitalu cha minyoo. Tiba iliyozoeleka ni kuwaogesha: unazungushia kizimba turubai, unamwaga haidrojeni peroksaidi, unasubiri, unafungua. Inahitaji meli, watu wengi na bahari iliyotulia. Minyoo hufa lakini mayai hayadhuriki, hivyo baada ya muda unarudia yote upya kabla vifaranga wa minyoo hawajaanza kutaga.

Ndiyo maana kila mfugaji anatamani dawa ya kula. Na dawa yenyewe unaijua vizuri: prazikwanteli, ileile ya kichocho waliyokuwa wakitupa shuleni. Unakumbuka ilivyokuwa chungu kama shubiri? Tulisimamishwa kwenye ile fimbo ya kupimia urefu, tukahesabiwa vidonge, na mwalimu akasimama hapo hapo mpaka umeze. Basi kingfish naye anausikia uchungu ule, ila yeye hana mwalimu wa kumsimamia.

Tunayaona kwenye kamera ya chini ya maji. Punje ya chakula chenye dawa inashuka, samaki anaidaka kwa kasi kama kawaida, anatulia nayo kidogo mdomoni, halafu anaitema. Mwenzake anaikimbilia, naye anaitema. Ile punje inazunguka vinywa vitatu vinne mpaka inapita chini ya wavu. Samaki ana vionjio midomoni, kinywani na hata huko ndani kwenye matao ya matamvua, kwa hiyo usidhani utamdanganya kwa sababu anakula haraka.

Sasa chukua kalamu. Tuseme kizimba kina tani 10 za samaki na unataka miligramu 50 za dawa kwa kila kilo ya samaki kwa siku. Hiyo ni gramu 500 za dawa. Wakila asilimia 1 ya uzito wao, ni kilo 100 za chakula, yaani gramu 5 za dawa katika kila kilo ya chakula. Lakini samaki mwenye minyoo hana hamu. Akishuka mpaka nusu ya chakula, itabidi uweke gramu 10 kwa kilo ili dozi itimie, na hapo chakula kimekuwa kichungu maradufu, anakula kidogo zaidi. Anayeumwa ndiye anayekimbia dawa, na mwenye afya, yule mbabe wa kizimba, ndiye anayekula dozi ya wenzake. Wanaobaki na nusu dozi ndio wanaotufugia minyoo sugu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa dozi ndogo kwa siku nyingi. Zimejaribiwa huku, kwa kila kilo ya samaki kwa siku, miligramu 50 hadi 75 kwa siku 6, na 100 hadi 150 kwa siku 3. Hizo kubwa ukiziangalia kwenye karatasi zinavutia, ila hazina maana kama chakula kinaishia sakafuni mwa bahari. Mtu wa haraka hapendi kusikia hivyo.

Namna ya kuificha ladha ni nyingi. Iliyo rahisi ni kuipaka punje dawa, kisha kuifunika kwa mafuta ya samaki au jelatini. Wengine huongeza unga wa ngisi. Vitunguu saumu navyo husifiwa sana, mimi sijavielewa. Walio mbele zaidi wanaifunga dawa kwenye vidonge vidogo mno, kama vumbi, vyenye ganda la mafuta, ili ifunguke tumboni tu. Hapo pana mtego mwingine: ganda likiwa gumu mno, dawa inapita na kutokea upande wa pili bila kufanya kazi. Hata watoto wadogo wametengenezewa prazikwanteli isiyo chungu sana, iliyofanyiwa majaribio Kenya na Ivory Coast, na shirika la dawa la Ulaya likatoa maoni mazuri Desemba 2023. Samaki bado wako kwenye foleni.

Turudi kwako. Kujisugua na kupauka si lazima kuwe minyoo bapa. Kama ni chawa wa samaki, au vile vijidudu vya Trichodina, prazikwanteli haitawagusa kabisa. Chukua samaki walio hai, wale wanaozubaa, uwapeleke TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Mwanza wakate tamvua waliangalie kwenye hadubini. Minyoo ya matamvua ya sato huwezi kuiona kwa macho.

Ikithibitika, muone daktari wa mifugo akuandikie dozi na siku za kusubiri kabla ya kuvua. Usithubutu kuponda vidonge vya shule, ni vya watoto. Kisha lisha siku mbili tatu chakula kisicho na dawa ila kimepakwa mafuta na unga wa dagaa, wazoee harufu hiyo kwanza. Siku ya dawa tumia ladha ileile, walishe kwa mkono, polepole, kwenye pembe zote za kizimba ili wanyonge nao wapate. Kuchanganya, azima ile mashine ya zege ya shemeji yako, lakini ioshe kweli kweli. Na kwa kuwa chakula chako kinaelea, utaona mwenyewe kinachotemwa. Kikibaki kingi, simamisha, usiongeze.

Nitumie picha ya majibu ya hadubini mara tu ukiyapata. Msalimie Mama Kulwa na mapacha, na umwambie ile kanga nimeipata.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Zawadi