Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Meli ya Liemba kila mtoto wa Kigoma anaijua. Mwaka huu klabu yetu imefuatilia boti mbili ndogo za doria zilizopigana katika ziwa letu hilihili la Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na leo hazitajwi: Toutou na Mimi, za jeshi la majini la Uingereza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Boti hizi ziliundwa na kampuni ya Thornycroft kando ya mto Thames, na hazikukusudiwa kuja huku. Zilikuwa za kuhudumia ndege za majini za Ugiriki. Urefu ni kama mita 12, bodi la mbao za mkangazi, injini mbili za petroli zenye nguvu ya farasi 100 kila moja, mwendo hadi noti 19. Katika kielelezo kilichopo mbele yako utaona mzinga mdogo omoni na bombomu nyuma. Mzinga huo ulipigwa kuelekea mbele tu. Bodi lilikuwa jepesi mno, na kishindo cha kuupiga ubavuni kingeweza kuipasua boti. Ndiyo maana nahodha alilazimika kumwelekezea adui omo yake.

Juni 1915 zilipakiwa melini hadi Cape Town, zikaja kwa treni hadi Fungurume, Katanga, nchini Kongo. Kutoka hapo zilivutwa na mitambo ya mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, kisha mto Lualaba, kisha reli tena hadi Lukuga, yaani Kalemie ya leo, ng'ambo yetu. Vitabu humsifu kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson. Sisi tunaona sifa kubwa ni ya Wakongo waliochimba barabara na kutandika madaraja ya magogo, na kina mama waliojitwika maji ili mitambo ile isikaukiwe. Katika vyote tulivyosoma, hatukukuta jina la hata mmoja wao.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Kijerumani Kingani ilisogea Lukuga. Nayo mzinga wake ulitazama mbele, basi boti zikaijia kwa nyuma, na baada ya dakika chache ikatekwa. Ilikarabatiwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann.

Meli ya tatu ya Wajerumani, Graf von Goetzen, Waingereza hawakuthubutu kuikabili, maana ilikuwa kubwa na ilibeba mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Klabuni bado tunabishana: wengine wanaita huo woga, wengine wanasema boti ya mbao haina biashara na mzinga ule. Wajerumani wenyewe waliizamisha Goetzen Julai 1916 walipoondoka Kigoma. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatukosi changamoto. Kielelezo chetu hukaa juu ya kabati la maabara na rafadha yake moja imeshavunjika. Tunaomba kabati la kioo. Pia tunaomba utusaidie kupata kibali cha kuitembelea Liemba na kupima wenyewe chumba cha injini, na usafiri wa kwenda Ujiji kuwahoji wazee waliosimuliwa vita hivyo na babu zao.

Naomba kuwasilisha.