Risala ya Wanafunzi wa Muziki wa Pwani kwa Mkuu wa Kitivo, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wa heshima, walimu wetu, wazazi na wapenzi wa muziki, karibuni.

Mheshimiwa, tumefurahi umekuja kutusikiliza huku kwetu. Kule chuoni wewe ndiye wa jukwaani, sisi wa vitini.

Tunasomea muziki wa bendi na wa mitaani: bango, chakacha, taarab, rege. Kitivo chetu kimesimama juu ya Bach na Mozart, na hatuwakatai. Aliyefunzwa kupanga sauti nne za kwaya hapati taabu kuwapangia wapiga tarumbeta. Shida iko kwenye mtihani.

Mpiga udi akishika rasti, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuna sauti zinazokaa katikati ya vibao viwili vya piano. Marehemu Zein l'Abdin alizipiga, na Mombasa ikamwita fundi. Mtahini wetu huzisikia kwa sikio la piano, akaandika "sauti si sahihi", alama zikashuka. Bango nayo, hii ya Mzee Joseph Ngala, saksafoni yake, rumba na ngoma za Kimijikenda, utamu wake uko katika mpigo na wapigaji kujibizana. Ukiiandika nota, karatasi hubeba melodi, utamu huo mwingi ukabaki nje. Lakini tunadaiwa karatasi, nasi huiandika usiku kucha, wimbo wenyewe ukiwa umeshachezwa harusini!

Hatuombi jambo geni. Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, kilianzisha taasisi ya kusomea muziki wa aina hii mwaka 1988.

Ombi letu kubwa ni rekodi itahiniwe kama utunzi kamili. Anayerekodi huamua maikrofoni ikae wapi, besi izidi ngoma au ijifiche chini yake, sauti ya mwimbaji iwe kavu au yenye mwangwi. Maamuzi hayo hubadilisha wimbo sawasawa na kalamu ya anayeandikia fidla nne. Pia, mtihani wa udi na taarab ushirikishe mafundi wa huku, hata wasio na shahada. Kuhusu vyumba vya mazoezi, gitaa la umeme hufukuzwa kila fidla inapobisha hodi, hilo tunakuachia.

Sasa tutakupigia bango moja na chakacha moja. Mezani kwako kuna karatasi ya alama yenye vigezo tunavyopendekeza: mpigo, kujibizana, upangaji wa vyombo. Kalamu ipo. Tafadhali, Mheshimiwa, tutahini.

Ni sisi wanafunzi wako.