Kwa wazazi wenye watoto katika shule za bweni

Wanangu mnaosomesha watoto katika shule za sekondari za bweni hapa Kenya,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu na babu wa mjukuu anayelala bwenini, na ombi langu ni moja: mkifika shuleni siku ya mkutano wa wazazi, kabla hamjauliza habari za karo na matokeo, ombeni kuonyeshwa mahali watoto wenu wanapolala.

Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 waliteketea bwenini huko Bombolulu, Kwale. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni lililomwagiwa petroli. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Walioshtakiwa kwa kuwasha moto ule walikuwa wanafunzi, lakini kufuli na vyuma viliwekwa na watu wazima, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Mambo hayo mzazi yeyote anaweza kuyakagua. Mkiambiwa kwamba vyuma ni vya kuzuia wezi, sikilizeni kwa adabu, kisha ulizeni watoto watatokea wapi usiku wa moto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi viti katika bodi ya usimamizi, kwa hiyo swali hilo ni haki yenu.

Tena wasikilizeni watoto. Nilipokuwa nikifundisha, nilimsikia mvulana akimlalamikia mama yake kwamba bwenini mwao wamebanana hata hawapati pa kupita, naye akajibiwa avumilie, kwani alipelekwa kusoma. Nilikuwa nimesimama karibu na sikusema neno. Najuta, kwa sababu mtoto aliyenyamazishwa nyumbani na shuleni hutafuta kwingine pa kusemea, na huko si kwema.

Nanyi majirani wa shule, wenye maduka na waendesha bodaboda, mnaona yanayopita langoni kuliko sisi tulio mbali. Mwanafunzi akija kununua petroli kwenye chupa, msimuuzie, na mjulisheni mwalimu au chifu usiku uleule.

Muhula wa pili, wenye mitihani ya majaribio, ndio ambao mabweni mengi yameungua. Basi katika mkutano wa muhula huo njooni baba na mama, na mwenye futikamba aje nayo.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu