Walimu wa programu, fundisheni maana ya -1

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na vijana wanaosoma kompyuta vyuoni na walimu wao, maana hili naliona kila wakiletwa vijana wa fildi kazini kwetu na linaniuma kweli. Dogo anaandika seva kwa lugha ya C, anawasha O_NONBLOCK (alama ya kutosubiri) ili soketi, yaani mlango wa programu kwenda mtandaoni, isimsubirishe, halafu recv (amri ya kupokea data) ikirudisha -1 anafunga koneksheni palepale anasema mtandao mbovu. Jamani mtandao hauna kosa!

Ukishawasha O_NONBLOCK umeiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kama data haijafika nijibu hapohapo niendelee na mengine, sasa jibu lenyewe ndo hiyo -1 na maana yake iko kwenye errno, namba inayotaja sababu. Ukikuta EAGAIN au EWOULDBLOCK ni kwamba kwa sasa hakuna kitu, pitia baadae, mteja bado yupo. Aliyefunga upande wake unamjua recv ikirudisha sifuri, na hapo ndo wengi wanageuza mambo, sifuri wanaiona ni "data bado" wanazunguka kwenye lupu mpaka CPU inafika asilimia 100, huku mteja mzima amekatwa. Na errno uisome kabla hujaita printf (amri ya kuandika ujumbe kwenye skrini), maana printf nayo inaweza kuibadilisha.

Kwa connect, amri ya kuunganisha, ndo balaa zaidi. Inarudisha -1 na EINPROGRESS, yaani kazi ya kuunganisha imeanza ila haijaisha, unatakiwa usubiri kwa poll (amri ya kungojea soketi) mpaka soketi iwe tayari kuandikiwa. Sasa watu wakiona POLLOUT, ishara ya kwamba iko tayari kuandikiwa, wanashangilia wanaanza kutuma, kumbe hata ukikataliwa poll inakuamsha vilevile, kwa hiyo lazima uiulize soketi ina kosa gani, kwa getsockopt na SO_ERROR, ikikupa 0 umeunganika, ikikupa ECONNREFUSED umekataliwa, mara nyingi hakuna programu inayosikiliza kwenye porti hiyo. Na send, amri ya kutuma, nayo inaweza kuchukua baiti 3000 tu kati ya 8000 ulizoipa, zilizobaki ni jukumu lako kuzitunza na kuzituma nafasi ikipatikana.

Walimu wangu, tatizo naona linaanzia kwenye maabara, seva na mteja vyote viko kwenye mashine moja pale 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe), data inafika papo hapo na programu yenye makosa yote hayo inapita vizuri tu na dogo anapata A. Linux ina amri ya tc ya kudhibiti mwendo wa data mtandaoni, kwa kipengele chake cha netem unaongeza ucheleweshaji wa milisekunde 300 hata kwenye lo yenyewe (mtandao wa ndani ya mashine), bure kabisa, halafu mwambieni mwanafunzi aendeshe kazi yake chini ya strace, inayoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli, aone kila -1 imekuja na errno gani. Tunaomba hilo liingie kwenye praktiko kabla hawajaja kwetu, maana huku seva ikimkata mtu ambaye hajafunga, anayeumia ni mteja aliyekuwa katikati ya kulipa.

Fundi wa seva,
Dar es Salaam