Faiawoli haina kosa, iacheni

Mhariri,

Ofisi nyingi ndogo zimezoea tiba moja. Kompyuta yenye mafaili ya hesabu isipoonekana kwenye "Network", fundi anaitwa, anazima faiawoli (ukuta wa ulinzi wa kompyuta), anarudisha SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili, anachukua chake na kuondoka. Orodha ya kompyuta inarudi kweli. Ila SMB1 ndiyo njia ambayo WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilipitia Mei 2017, na Windows 10 toleo la 1709, la mwaka huohuo, likiwekwa upya haliji nayo.

Kompyuta kutoonekana si lazima iwe haifikiki. Kwenye ile yenye mafaili, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome namba ya IPv4 (anwani ya mashine kwenye mtandao), tuseme 192.168.1.10. Kwenye kompyuta nyingine bonyeza kitufe cha Windows na R, andika \\192.168.1.10. Folda zikifunguka, mtandao ni mzima, kilichopotea ni orodha tu. Fungua services.msc kwenye mashine yenye mafaili, uweke "Function Discovery Resource Publication" iwe "Automatic". Mimi hata orodha siihangaikii: naunganisha folda kwa namba hiyo, naipa herufi Z, kisha naitengea mashine namba hiyo kwenye ruta isije ikabadilika.

Zisipofunguka, tazama kwanza kama mtandao umewekwa "Public". Ubadilishe uwe "Private". Kisha linganisha namba za kompyuta zote mbili. Moja ikisoma 192.168.1 na nyingine 192.168.0, mara nyingi kuna ruta ya pili iliyonunuliwa kuongeza Wi-Fi na kuchomekwa kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti). Walio nyuma yake intaneti wanayo, lakini wenzao hawawafikii. Ipe ruta hiyo namba isiyotumika, kama 192.168.1.2, zima DHCP yake (inayogawa namba kwa mashine), ndipo uhamishie waya kwenye tundu la LAN (la kompyuta za ndani). Namba inayoanza na 169.254 maana yake mashine haikupewa anwani kabisa: angalia waya na DHCP. Na laptopu iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni usiilaumu, imetengwa makusudi.

Ikidai nywila na kukataa, pengine mtu anaandika PIN. PIN ni ya kufungulia mashine ileile tu. Akaunti isiyo na nywila nayo Windows haiipokei kupitia mtandao. Tengeneza akaunti moja yenye nywila kwenye mashine ya mafaili, uipe ruhusa kwenye sifa za folda, "Sharing" na "Security" pia, kwa kuwa ruhusa iliyo finyu ndiyo inayoshinda.

Kisingizio chenye uzito cha kurudisha SMB1 ni kimoja: mashine kuukuu ya fotokopi inayojua SMB1 peke yake kupeleka skani. Hiyo nayo ielekezeni kwenye barua pepe au flashi.

Fundi wa mitandao,
Morogoro