Daftari la pasta wa kijiji

Bwana Muhariri,

Salamu kutoka Goma. Niko sekretere wa parokia moja hapa muji, kazi yangu njo kuandika ubatizo, ndoa na vifo. Siku hizi nimesoma juu ya wapasta wa Kilutheri wa vijijini zamani, kule Uswidi na Ufini (wakati ule Ufini ilikuwa chini ya Uswidi), ikanigusa sana, naomba nafasi kidogo.

Wengi wanafikiri pasta wa zamani alikuwa mutu wa mimbari tu. Hapana. Alikuwa na shamba na ng'ombe, alikuwa anakula zaka, watu wanamuletea nafaka na siagi, sasa mavuno yakikatala njaa inaingia hata kwake. Lakini kazi yenye iko inanivuta mimi njo daftari. Sheria ya kanisa ya 1686 ilimulazimisha aandike waliozaliwa, waliooana, waliokufa, waliohamia na waliohama, tena anakusanya watu ndani ya nyumba moja kijijini, baba, mama, watoto na watumishi pia, anawauliza katekisimu mumoja mumoja na kuwasomesha, halafu pembeni ya kila jina anatia alama ndogo, huyu anasoma vizuri, yule bado. Kuanzia 1749 serikali ilihesabu raia wake kupitia madaftari hayo. Na mumoja wao, Anders Chydenius, pasta wa kijijini kule Ufini, alipigania sana sheria ya 1766 ya uhuru wa kuchapisha, kwa hiyo Muhariri hata wewe uko na deni kwake.

Juzi mama mumoja aliyekimbia Masisi alikuja kwangu na kijana wake. Shule inaomba akte ya kuzaliwa, hana, na kitabu cha ubatizo cha kwao kilibaki kule, hakuna mutu anajua kiko wapi. Nikamuuliza tarehe, akasema alizaliwa wakati wa kuvuna maharagi, ule mwaka mvua ilichelewa. Nilishika bik, sikujua niandike nini.

Wachungaji wetu wa makanisa yote, nawaomba sana: andikeni. Jina la mutoto, la baba, la mama, kijiji, siku. Na muandike mara mbili, kitabu kimoja kibaki kijijini, kingine kiletwe muji. Daftari si bei kubwa, hata sadaka ya jumapili moja inatosha.

Yule mama atarudi jumatatu, na bado sina la kumwambia.

Sekretere wa parokia, Goma